Vidonge vya Choo Havitaki Haraka

Jumamosi mchana, kwenye duka la dawa pale Kipawa, mbele yangu alisimama mama mmoja ambaye hakutulia hata dakika. Mara ashike kiuno, mara agonge kaunta kwa funguo.

"Mwanangu, vidonge vyako vya choo ni feki," alimwambia muuzaji, binti mwenye koti jeupe. "Siku nne sina choo. Leo asubuhi nimemeza viwili, kimya. Saa sita nikaongeza viwili, kimya. Sasa tumbo linanisokota!"

"Umemeza na nini, mama?"

"Maziwa. Si yanapunguza makali ya dawa?"

Binti akashika kichwa. "Maziwa yanayeyusha kidonge kabla hakijafika kwenye utumbo, ndiyo maana unasokotwa. Leo usiongeze hata kimoja. Kunywa maji, na maumivu yakizidi au ukitapika, wahi hospitali. Siku nyingine meza kimoja tu wakati wa kulala, kwa maji, usubiri asubuhi."

"Nisubiri mpaka asubuhi?"

"Mama yangu, siku nne umevumilia, usiku mmoja ndiyo unakushinda? Na wiki ikipita bado unavihitaji, muone daktari. Hivi si vya kuzoea."

Mama akaondoka ananung'unika. Mie nikamcheka kimoyomoyo: mji huu tunataka hata utumbo upige mbio.

"Karibu kaka, nikupe nini?"

Nilifuata vidonge hivyohivyo. Wiki ya tatu sasa.

"Plasta," nikasema.