Kuku wa Mama Njoki

Leo nimemshinda mama mmoja kwenye mnada wa kanisa, na natamani ningeshindwa.

Nilikuwa Thika kuandika habari ya sadaka ya mavuno. Vitu vinavyotolewa hunadiwa uwanjani baada ya ibada, na fedha huenda kwa zahanati ya misheni.

Mzee wa kanisa akainua kuku mwekundu.
Mama Njoki, mjane wa pale, akasema, "Shilingi moja."
Watu wote kimya.
Nikadhani wamechoka. Nikasema mbili.

Mama akanitazama, kisha akatazama chini. Kuku akawa wangu.

"Mwandishi, kwani huna haya?" jirani yangu akaninong'oneza. "Huyo kuku ni wake. Kila mwaka humtoa sadaka, kisha humkomboa kwa shilingi ya kuchuma kahawa. Sisi hunyamaza apate."

Watoto wa Mama Njoki, akaongeza, hula mayai ya kuku huyo.

Nilimkimbilia mama hadi langoni.
"Mama, mchukue. Mimi sijui kufuga."
"Nikimchukua bure, Mungu nimempa nini?"
"Basi nipe hiyo shilingi yako."
"Nimeshaitia kapuni. Ilikuwa ya wagonjwa." Akamgusa kuku kichwani. "Usimfunge kamba fupi."

Taarifa niliyopeleka gazetini inasema mnada ulifana. Ni kweli.

Ninyi mnaojua mambo ya kule, niambieni: namrudishaje kuku bila kumfanya mama yule ombaomba?

Jibuni upesi. Yuko chini ya meza yangu hapa Ruiru, kwa kamba ndefu, na hataki kula.