Waya Uliobanwa na Mlango

Mama mmoja wa Kibenga, mpiga video za arusi, alinipigia simu asubuhi, mimi fundi wa kompyuta, akiniomba nifike haraka. Kazi zake za miaka kumi zilikuwa ndani ya sanduku la disiki nne za kuhifadhia video, lililounganishwa na kompyuta yake kwa waya wa mtandao. Disiki moja ilikuwa imekufa. Sanduku la aina hiyo huvumilia kifo cha disiki moja. Ya pili ikifa, kila kitu kinapotea. Nilipotega sikio, nilisikia ya pili ikigonga taratibu, dalili kwamba nayo inakufa.

Alikuwa ameshanunua disiki mpya na alitaka niiweke papo hapo. Nilimkatalia. Kuijaza ile mpya kungezichosha zilizobaki kabla hatujaokoa chochote. Ilitupasa kwanza kunakili kila kitu kwenye kompyuta. Nikamuuliza tuanze na video zipi.

"Anza na za watu," alisema. "Zangu ziache mwisho."

Zake zilikuwa arusi yake mwenyewe, na ndani yake marehemu baba yake akimpa mawaidha.

Tulianza saa mbili. Kompyuta ikakadiria siku mbili. Nilizima televisheni iliyokuwa ikisoma filamu kutoka sanduku lile, nikaondoa simu zote kwenye mtandao. Kasi ya kunakili haikubadilika.

"Na kuranti ikikatika?" aliuliza mama, akiwaza umeme.

Nilihangaika na mipangilio hadi saa nne.

Ndipo nikatambua kwamba kasi haipandi wala haishuki hata kidogo, kama maji kwenye bomba jembamba. Waya wa mtandao ulipita chini ya mlango. Nikaupapasa: mlango ulikuwa umeubana kwa miaka, nyuzi nyingine za ndani zimekatika, na zilizobaki zilipitisha sehemu ya kumi tu ya kasi. Nikatoa waya wangu mkobani, nikaishusha kompyuta sakafuni karibu na sanduku. Kasi ikaruka karibu mara nane. Siku mbili zikawa saa sita.

Tulikaa sakafuni, tukiisikiliza ile disiki iliyogonga. Saa tisa na nusu arusi zote za watu zilikuwa zimefika, na vipande vya mwanzo vya arusi yake pia. Disiki ikagonga mara tatu, ikanyamaza. Kunakili kukasimama.

Nilifungua kipande cha mwisho kilichofika. Baba yake anaingia ukumbini, anarekebisha kola, anapewa kipaza sauti. Kipande kinaishia hapo.

Ningeweza kuilaumu disiki. Nikamwambia ukweli: zile saa mbili nilizopoteza asubuhi zingetosha, kama ningeangalia waya kwanza.

Aligeuka kutoka kwenye kompyuta, akanitazama.

"Mi nilijua utanificha," alisema.

Akaniomba nirudishe pale baba yake anapoingia. Tulipatazama mara nne. Kisha akachukua simu, akaanza kuwapigia ndugu zake mmoja mmoja, akiuliza kama kuna aliyerekodi siku ile.