Mbuzi wa Bibi Odeta

Upepo wa ziwani uling'oa mabati ya Bibi Odeta alfajiri, ukayatupa kwenye mawe kule chini Kiseke, yakakunjamana kama karatasi ya kufungia maandazi. Mjukuu wake mwenye pumu akabaki kitandani anatazama mawingu, na mawingu yenyewe meusi tii. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Niliyaona yote na mpaka leo yananichefua.

Huku kwetu mtu akipatwa na jambo, watu huja kumpa pole. Ukija unakaa, na ukikaa unakula.

Wa kwanza alikuwa mchungaji Yeremia. Akasema mateso ni tunda la dhambi, Odeta ajichunguze. Odeta akajichunguza palepale.

"Mchungaji, yule muuza gongo pale juu, paa lake mbona halijatikisika?"

Yeremia akaomba chai.

Shehe Makame wa ng'ambo ya barabara akasema hapana, huu ni mtihani, Mungu humjaribu ampendaye.

"Basi anipunguzie mapenzi kidogo, shehe. Mtoto analala wapi leo?"

Shemeji yake Ngosha, mdogo wa marehemu mumewe, akacheka kwa dharau. Walokole na maswalihina wanajua nini? Hii ni kazi ya marehemu kaka yake, Luhaga, amesahauliwa, ana njaa huko aliko! Mwalimu Elias, aliyesoma falsafa chuo kikuu na hajapona bado, akawafundisha wote kwamba ubaya haupo: ubaya ni kukosekana kwa wema tu.

"Kumbe!" Odeta akatazama juu. "Basi mimi sijapatwa na ubaya, mwalimu. Nimekosekaniwa na bati tu."

Wakabishana mpaka jua likapita utosini. Hawakukubaliana lolote ila moja: mbuzi. Odeta alikuwa na mbuzi mmoja tu, jike nono, amefungwa kwenye mpapai. Mchungaji alitaka achinjwe kwa ibada ya kuvunja laana. Shehe alitaka sadaka, Ngosha tambiko. Mwalimu akasema yeye imani hana, ila na nyama hana ugomvi. Jamani! Vichwa vinne, tumbo moja.

Ndipo likaja swali la nani achinje. Loo! Shehe akasema achinje yeye ili wote wale bila wasiwasi, ndivyo tulivyozoea mtaani. Ngosha akasema mbuzi wa tambiko huchinjwa na mtu wa ukoo. Mchungaji akaapa kwamba nyama ya mizimu haonji hata mchuzi wake. Mwalimu akapendekeza wapige kura. Mateso ya dunia yakasahaulika, ikawa ni kisu tu, kisu, kisu.

Walipogeuka, kwenye mpapai hapakuwa na mbuzi. Na Odeta hayupo.

Alirudi na Chenge, fundi wa mtaa wa pili, wanasukuma mkokoteni wa mabati. Chenge alibakiza mabati alipojenga kwake, na wiki ile alikuwa anamwoza binti yake. Mbuzi alimfaa.

"Mmekuja kunipa pole," Odeta akawaambia, "nami nimepokea, asanteni. Misumari hii hapa. Nani anapanda?"

Eeh! Mchungaji akakumbuka mgonjwa. Shehe akakumbuka swala. Ngosha akashika kiuno, eti kinamuuma. Mwalimu akasema ana madaftari ya kusahihisha. Nilikasirika nikatukana, Mungu anisamehe, kisha nikapanda na Chenge. Mvua ilitukuta tunapiga misumari ya mwisho.

Keshokutwa yake wakarudi wote wanne kutoa hongera. Mchungaji akasema maombi yamejibiwa. Shehe akasema subira yavuta heri. Ngosha akasema Luhaga ameridhika, na mwalimu akasema ni bahati tu. Mtoto alikuwa amelala pakavu, anapumua vizuri. Wakanywa chai. Kisha Ngosha akakohoa, akauliza kwani yule mbuzi yuko wapi.

Odeta akanyoosha kidole juu.

"Si huyo, mmekaa chini yake. Kati yenu wanne na yeye, ni yeye tu aliyenipa pole."