Goti la Mzee Wangu Mbele ya Daktari

Guangzhou nilikuwa nimeizoea kwa nguo za watoto, nafunga mizigo pale Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya jumla, narudi nyumbani. Safari ile nikabeba na mgonjwa, mzee wangu, baba watoto. Goti limemvimba kama fenesi, mguu chini umekuwa mweusi, na madaktari wa kwetu walishasema ukatwe juu kabisa, pajani. Nikasema ngojeni, Mchina naye aone.

Daktari alikuwa na sauti ya mbu. Mkalimani, binti wa Unguja anayesoma hukohuko. Daktari akabonyeza goti.

"Babu, auliza hapa pauma?"

"Hapaumi," mzee akajibu, na jasho linamtiririka.

"Na hapa?"

"Hapaumi."

Ugonjwa huo wa kuficha maumivu naujua. Ujanani alichezea timu ya reli. Kwenye vitabu vya reli waliandika kuwa ni fundi mabehewa, nyundo yenyewe hajawahi kuishika. Usipopangwa mechi tatu, kazi huna, na nyumba ya reli unarudisha. Kocha wao Mwingereza, kwao alicheza mpira wa kulipwa, wanamchoma sindano ya ganzi gotini ndiyo aingie uwanjani. Goti lilipokufa wakamwacha, akaja kwetu. Ungedhani ana huruma. Kila Jumamosi anapita akibonyeza magoti ya watu, "Wewe, uma? Hapana uma? Mzuri, cheza." Aliyesema inauma amejitoa mwenyewe. Mume wangu hata jino likimuuma hasemi mpaka leo.

Binti akanivuta pembeni. "Bibi, daktari asema pasipouma pamekufa. Kama hata goti haliumi, atakata juu, kama walivyosema kwenu."

Nikamrudia mzee.

"Baba, huyu si kocha," nikamwambia. "Sema ukweli."

"Nimeshasema. Unataka niachwe?"

Nimembembeleza, nimemtukana, wapi. Akakaza macho ukutani kama anaimbiwa wimbo wa taifa. Basi nikaivaa sauti ya yule Mwingereza, ambayo nyumbani huwa namchekeshea nayo. "Wewe. Timu kwisha. Hakuna cheza tena. Sasa sema, goti uma?"

Binti alicheka. Mzee hakucheka. Akasema polepole, "Linauma, bwana. Linauma sana. Miaka yote."

Nikamshukuru Mungu kwa maumivu ya mume wangu, jamani, mtu hafiki hapo ila amebanwa.

Daktari akashuka kwenye kifundo. "Na hapo?"

"Hapo hapaumi."

Akapachoma kwa ncha ya sindano. Mzee ananitazama tu.

"Hapana danganya," nikamwambia kwa sauti ile.

"Sidanganyi, bwana. Hapo sisikii kitu."

Nikarudia. Nikarudia tena, sauti ya kocha ikaanza kunikatika, nikabaki na yangu. Binti akanishika mkono. "Basi, bibi."

Daktari akachukua kalamu, akachora mstari kuzunguka mguu, vidole vinne chini ya goti. Mzee akauinua kidogo, ili kalamu ipite vizuri kwa nyuma.