Bi Kwato na Nyavu za Shemeji

Kwa miaka kumi na tisa Bi Kwato alilisha farasi wa chuo cha upandaji farasi. Jina hilo la utani hakulikasirikia. La kuzaliwa lilikuwa limesahaulika kiasi kwamba akiitwa hospitalini alichelewa kuitika. Alikuwa mjane. Msimamizi wa mabanda alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na ni Bi Kwato mwenyewe aliyembembelezea kazi hiyo kwa mwenye chuo. Shukrani ya punda ni mateke.

Nyavu za kutundikia majani makavu zilipochakaa, shemeji alileta za aina mbili, akazitandaza sakafuni. Moja ilikuwa na matundu madogo ya kupita vidole viwili. Nyingine, ngumi nzima ilizama.

Bi Kwato aliinua ile ya matundu madogo. "Hizi, shemeji. Farasi atanyofoa kidogo kidogo, tumbo halitamsokota, na kwato haipiti. Ukizitaka hizo kubwa, basi tuzitundike juu, maana zikiwa tupu hulegea zikaning'inia."

"Kujaza hizo ndogo ni kazi ya kutwa. Na ukizitundika juu, wageni wataonaje farasi akila?" Akawageukia wafanyakazi. "Kaka alipokufa, huyu akaolewa na farasi. Basi mke mwema hasemi sana!"

Wakaangua kicheko.

Nyavu kubwa zikatundikwa usawa wa kifua. Siku mbili mfululizo Bi Kwato alizipandisha kimyakimya. Siku ya tatu shemeji akamwambia akirudia asije tena kazini. Bi Kwato akazishusha kwa mikono yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa wamejaa uani, farasi jike wa kijivu, ambaye Bi Kwato alimlea kwa chupa tangu mama yake afe, alirusha mguu kufukuza nzi. Chuma cha kwato kikanasa kwenye tundu. Akavuta. Akavuta tena kwa hofu. Bi Kwato alipofika mbio na kisu, mnyama alikuwa chini, mguu umepinda pasipo kiungo. Alikata kamba, na teke moja likamvunja vidole vitatu vya mkono wa kulia. Daktari wa mifugo alitazama mara moja tu, akafungua mkoba, akatoa sindano ya kumpumzisha milele.

"Nani alitundika wavu huu?" mwenye chuo akauliza.

"Yeye," shemeji akajibu. "Nilimwonya, bosi. Mbishi."

Mwenye chuo akamgeukia mwanamke aliyefagia mabanda na Bi Kwato miaka kumi na miwili. "Kweli?"

Yule mwanamke aliangalia ndoo yake. "Ni yeye aliyetundika."

Na ubaya wake, hakusema uongo.

Bi Kwato alifukuzwa papo hapo, lakini shemeji akamzuia mlangoni. "Safisha banda kwanza. Damu inawatia farasi wengine wazimu." Akasafisha kwa mkono wa kushoto, sakafu ikang'aa. Hakuna aliyemshikia ndoo.

Sasa anaishi kwa dada yake, na vidole havikunjiki. Shemeji alimtembelea mara moja. Hakumjulia hali, alitaka kujua farasi mweusi hupewaje dawa, maana alikuwa ameigomea. Bi Kwato akamweleza yote, hatua kwa hatua, kwa kuwa farasi hakuwa na kosa.

"Si ungeandika mahali," shemeji akalalamika, akaondoka bila kuaga.