Uzi mwekundu kwenye gunia la makaa

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mtaani Biryogo, Raihana anaipua sufuria ya maharage yaliyochemka nusu saa tu. Hayajaiva. Anaifunika vizuri, anaitumbukiza katika kapu kubwa lililojaa mabaki ya vitambaa, juu anakandamiza mto wa duara. Halafu anafunika makaa kwa bati yazimike, yatumike tena kesho. Kabla ya kutoka anautupia jicho mlango wa jirani.

"Bado hajaamka," anasema, uso ukimng'aa. "Leo nimemtangulia."

Jirani huyo ni Illuminée, mjane anayefagia ofisi za serikali Kacyiru. Raihana ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka thelathini na minne, na anashonea kwenye kibaraza cha duka Muhima. Siku hizi ni marafiki. Lakini ukimuuliza Raihana kama wivu umekwisha, anakucheka waziwazi.

"Uishe uende wapi, bwana? Uko palepale."

Tangu faranga ishushwe thamani mwishoni mwa 1990, shati jipya limekuwa anasa. Watu wa ofisini wanamletea mashati yaliyolika kola. Raihana anaifumua kola, anaigeuza upande mzima uje juu, anairudishia, na shati linapata mwaka mwingine wa kwenda kazini. Kola moja ni faranga arobaini. "Nusu ya mji huu inavaa kola nilizogeuza mimi," anajigamba.

Ajabu ni kwamba fundi huyu aliyewaokolea wenzake pesa, kwake zilikuwa zinayeyuka. Kila jioni maharage yalikaa jikoni saa tatu nzima. Gunia la makaa la faranga mia saba halikumaliza wiki tatu. Na cherehani anayoshonea si yake, bali ni ya mzee Twagirayezu, na Raihana humlipa kodi ya faranga elfu moja na mia mbili kwa mwezi. Mwaka jana mzee alimwambia atamuuzia kwa elfu kumi na nane. Asipozipata hadi Idi ya mwaka huu wa 1992, ataiuza kwa mwingine.

"Kila nikiweka mia tano, makaa yanazila," anakumbuka.

Kwa Illuminée mambo yalikuwa kinyume. Gunia lake lilikaa miezi miwili. Raihana alimchungulia kwenye ua wa miti, akihesabu siku, roho ikimuuma.

"Namwona anarudi kazini jioni. Jikoni hakuna hata moshi. Mara amekaa, anakula maharage ya moto! *Yampaye inka!* Nilishangaa, nikajiuliza, huyu anapikiwa na nani?"

Jibu alidhani amelipata siku aliporudi nyumbani mchana, akamwona mumewe, Nasiri, muuza viatu vya mitumba, akiingia kwa Illuminée baada ya sala ya Ijumaa, na furushi kwapani. Ijumaa iliyofuata, tena. Wivu ukamfanya asilale wala asile.

"Nikasema, hapa makaa yangu yanahama. Na mume naye anahama polepole."

Alichofanya ni fundi tu angekifikiria. Alilishona mdomo gunia lake kwa uzi mwekundu, akamalizia kwa fundo analolijua yeye peke yake. Kila akitaka kupika, anafumua. Akimaliza, anashona upya. Wiki mbili alichuchumaa mbele ya gunia na sindano, asubuhi na jioni. Uzi haukuguswa.

Mwingine angetulia. Raihana alizidi kuwaka. "Kama si makaa, basi ni pesa," alijiambia, na akafunga nguo zake tayari kwenda kwa mama yake Kabuga.

Ijumaa hiyo aliacha shati la mteja likiwa halina kola, akarudi nyumbani mapema. Aliingia kwa Illuminée bila hodi. Nasiri alikuwa mlangoni na furushi lake. Illuminée, ambaye siku ya Ijumaa hutoka kazini mapema, alikuwa amepiga magoti mbele ya kapu. Raihana aliwapita wote wawili, akafunua kapu kwa nguvu, na mvuke ukampiga usoni.

Ndani mlikuwa na sufuria ya maharage yaliyoiva, moto kabisa, bila kaa hata moja. Na pembeni yake, yameshindiliwa mabaki ya vitambaa: kitenge cha kijani alichokata mwenyewe, bitana ya koti, vipande vya kola.

"Vitambaa vyangu!"

"Si uliniambia nivitupe?" Nasiri alisema. "Nikaona heri nimpe mtu."

Illuminée alibaki amepiga magoti, akamwita Raihana kwa jina la mtoto wake. "Mama Kirezi, mimi nilijua wewe ndiye unamtuma. Mwezi wa nane huu, kila Ijumaa nakuombea."

Raihana anasema aibu ilimshika, lakini haikukaa peke yake. "Miezi minane! Mwenzangu anaweka akiba kwa taka zangu, mimi niko nashona gunia!"

Illuminée alimpakulia sahani. Akamweleza kwamba mama yake alikuwa akifunga chungu kwa majani ya migomba: loweka maharage usiku, chemsha alfajiri, funga joto lisitoke, nenda shambani. Yeye aliweka vitambaa badala ya majani.

"Nilikula," Raihana anasema, "na nilikasirika kwa jinsi yalivyokuwa matamu."

Leo gunia lake linafika wiki ya saba. Akiba imefika elfu kumi na nne, na Idi ni miezi miwili ijayo. Illuminée anasuka makapu, Raihana anashona mito ya kufunikia, na wateja wa kola wameanza kuagiza. Akiipata cherehani, ataihamishia nyumbani, aokoe kodi ya cherehani na ya kibaraza pia. Mahali amekwisha kupapima.

"Itatazama mlango wa Illuminée," anasema bila kupepesa macho.

Ni Ijumaa. Nasiri amerudi kutoka msikitini, na kwenye kiti pana furushi la vitambaa vya kujazia makapu, limefungwa kwa uzi mwekundu. Ananyoosha mkono alichukue.

"Liache hapo," Raihana anamwambia, akivaa ndala. "Nampelekea mwenyewe."