Siku Niliyochomoa Waya wa Mtandao Ruiru

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuandika upya kitu ambacho mtu mwingine alikuwa ameshakiandika. Kampuni yetu iliangua vifaranga Thika na kuwauza kupitia duka la Ruiru. Mfugaji akiweka oda Ruiru, iliingia kwenye programu ya mauzo. Kule Thika, mashine za kuangulia zilikuwa na programu yao. Programu hizo hazikuwa zikiwasiliana. Katikati nilikaa mimi, skrini mbili mbele yangu, nikihamisha oda moja moja kwa vidole.

Asubuhi moja niliruka mstari. Wiki kadhaa baadaye mama mmoja wa Mwiki akaja dukani kuchukua vifaranga mia tatu. Alikuwa ameosha banda, amening'iniza magunia ya kuzuia upepo, na jiko la kuwapasha joto ameliacha likiwaka. Hakukuwa na hata kifaranga mmoja wa kwake. Nilipopigiwa simu nilienda Ruiru mwenyewe kumwomba msamaha.

"Maitu," aliniambia, yaani mama kwa Kikuyu, bila kupaza sauti, "mimi nilifanya kazi yangu yote."

Heri angenitukana.

Meneja wa teknolojia alitaka tununue mfumo wa kuunganisha: huduma ya mtandaoni inayochukua oda kwenye programu moja na kuipeleka kwenye nyingine bila mkono wa mtu. Hapo nilikubaliana naye. Nilichokataa ni jinsi alivyotaka kuuchagua.

Kampuni mbili zilikuja Thika kujinadi. Ya kwanza ilileta wanaume watatu wenye suti na michoro ya kupendeza ukutani. Oda ya mfano iliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla hujapepesa jicho, na meneja akapiga makofi. Ya pili ilimtuma mwanamke mmoja na laptop kuukuu, ambaye alituuliza maswali mengi kuliko alivyojisifu. Meneja alimsikiliza huku akichezea simu.

Mimi nilikuwa nimeitwa niandike yaliyosemwa tu. Zamu ya wale wa suti ilipokuwa inaisha, niliinua mkono.

"Mtandao ukipotea oda ikiwa njiani, inakuwaje?"

Mkubwa wao akatabasamu. "Hiyo haiwezi kutokea, madam. Mfumo wetu uko cloud, kwenye kompyuta za mbali."

"Mfumo wenu uko cloud. Duka letu liko Ruiru."

Watu walicheka. Meneja hakucheka. Kikao kilipoisha alinifuata kwenye korido.

"Kazi yako ni kuandika. Hii ya kuchagua tuachie sisi."

"Siachi. Nipe siku moja niijaribu mifumo yote miwili kwa oda zetu wenyewe, si zile zao za kuigiza."

"Na nikikataa?"

"Basi nitapanda juu kwa mkurugenzi."

Alikataa. Nikapanda. Nilibisha mlango. Mkurugenzi, mama aliyeianzisha kampuni ile kwa mayai ya kuku wake mwenyewe, alinisikiliza hadi mwisho.

"Unahitaji nini?" akauliza.

"Nakala za oda za wiki iliyopita, na ruhusa ya kuharibu vitu."

Tulijaribu dukani Ruiru, meneja akiwa amesimama nyuma yangu mikono kifuani. Nilianza na mfumo wa wenye suti. Niliingiza oda ya vifaranga mia mbili, na kabla haijafika Thika nikachomoa waya wa mtandao. Tukangoja. Nilipourudisha, oda ilifika mara mbili. Vifaranga mia nne kwa mfugaji wa mia mbili, na skrini ikaonyesha kijani, eti mambo yote shwari. Lakini kifaranga hawekwi stoo kama gunia la simiti. Wale mia mbili wa ziada wangeanguliwa bila mwenyewe.

Mfumo wa yule mwanamke ulikuwa wa polepole na sura yake haikuvutia. Nilipochomoa waya, uliisimamisha oda na kuandika kwa rangi nyekundu kwamba hauna hakika kama imefika, mtu aangalie. Nilipenda kitu kinachokiri kwamba hakijui.

"Ni bahati mbaya tu," meneja akasema juu ya ule wa kwanza.

"Turudie basi."

Tulirudia mara tano. Mara tatu ulirudufisha oda. Meneja akatoka nje kupiga simu.

Mkurugenzi alinunua ule wa pili. Mwenzangu wa ofisini alinionya nimejichimbia kaburi, kwamba mashine itachukua kazi yangu. Nikamjibu ichukue tu ile ya kunakili, sikuzaliwa kunakili. Na kuuunganisha hakukuwa rahisi: kuku aliyeitwa kienyeji Ruiru alikuwa na jina jingine Thika, na mtu pekee aliyeyajua majina yote mawili ya kila aina ni mimi. Jedwali la kuyalinganisha nililitengeneza mwenyewe, na tangu hapo oda zenye alama nyekundu huja kwenye meza yangu.

Siku ya kuanza rasmi, meneja aliniletea karatasi za kukiri kwamba nimefundishwa mfumo na nimeukubali. Aliweka kalamu juu yake.

"Weka sahihi hapa chini, haraka. Wananingoja."

Nilivuta kiti, nikafungua ukurasa wa kwanza.

"Wangoje," nilisema. "Nasoma."